Mume wa Karatasi

Shikamoo, bwana wa karatasi,
wewe unayelipwa milioni mbili na laki nne kila mwisho wa mwezi
na hujawahi kuingia nyumbani na hata nusu kilo ya nyama.

Nilikuwa natafuta kadi ya kliniki ya mtoto.
Nikakukuta chini ya godoro, umekunjwa mara tatu,
una muhuri, una jina la mume wangu,
una kila kilicho chake
isipokuwa mshahara.

Mume wangu ni mtunza stoo wa kiwanda cha mbao, Pasua.
Huyo namjua.
Laki saba na themanini, toa makato, toa kikoba;
kinachobaki tunakihesabu kwa sauti ya chini
kama wezi.
Wewe, nani alikuzaa?

Alikuzaa Bosko, kijana wa steshenari nyuma ya stendi,
kwa elfu kumi na tano na soda.
Alifuta saba, akaandika mbili, akasogeza koma.
Koma! Kitu kidogo kama mbegu ya mchicha.

"Kila mtu anafanya," Aminieli aliiambia sahani yake.
"Benki wanataka tu karatasi ipendeze."

Ikapendeza. Hapo ndipo tulipoponzeka.
Laiti wangempigia mwajiri simu siku ile,
tungeaibika asubuhi moja,
tukarudi kupanga kwa Mama Ndeonasia na maji yake ya ndoo.
Hawakupiga. Waliamini.
Wakachukua vipimo vya kiuno chako
wakamshonea yeye deni.

Mimi nauza mitumba Memorial, suruali nazijua.
Ya bwana mnene ikikupwaya unaikaza mkanda,
mwezi ujao unaukaza tena,
mpaka unatafuta msumari
utoboe tundu pasipo na tundu.
Laki tisa na sitini, kila tarehe ishirini na nane:
mshahara wake wote, na belo langu la shuka,
na ng'ombe wa mamake kule Marangu, ambaye tulisema ameugua.

Nyumba ni nzuri, sikatai.
Msaranga, vyumba vitatu,
dirisha la jikoni linauona mlima wingu likiridhia.
Nami niliweka sahihi, ridhaa ya mwenza,
hapa, na hapa, na hapa chini, mama.
Kalamu yao imefungwa mnyororo mezani isiibiwe.
Nilicheka siku ile.
Kalamu ya mia tatu ina mnyororo,
na wewe ulipita mlango mkubwa, ukasalimiwa.

Sasa barua imekuja. Siku sitini.
Shemeji anasema nendeni mkaombe, wapunguze, warefushe miaka.
Lakini kuomba ni kupeleka hati mpya,
na hati mpya itawekwa kando ya ile ya zamani,
ndipo mtakapotazamana, wewe na yeye,
mbele ya dada mwenye miwani.
Kughushi: nimelitamka neno hilo usiku, polepole.
Lina pingu ndani.
Tusipoomba, dalali atakuja na kipaza sauti
kuwatajia majirani bei ya jiko langu.

Basi tumekuja. Viti vya plastiki, tiketi arobaini na saba.
Aminieli amevaa shati la Pasaka.
Hati ya kweli iko mfukoni, imeanza kulowa jasho,
na mguu wake wa kulia unacherehani sakafu.
Sijamsamehe. Hilo liandikwe pia.
Nimemshika goti tu, litulie.

Arobaini na tano, wanaita.

Na wewe umekaa katikati yetu, umenyooka, umepigwa pasi,
hujui njaa, hujui jela, huna mtoto.
Sogea, bwana wa karatasi.
Mpishe mume wangu.

Arobaini na sita.